Mapishi ya Kwetu: Mpishi, Meza na Kitabu

Mtu akitembea jioni katika vijiji vya Nakivale, akianzia kwetu Misiera na kuelekea Base Camp, aweza kujua kila nyumba imetoka nchi gani bila ya kumwuliza mtu. Pua yake itamwambia. Penye harufu ya mawese yanayopata moto, wenyewe wametoka Kongo. Penye chungu cha maharagwe kilichokaa motoni tangu mchana, huenda wenyewe ni Warundi au Wanyarwanda. Mbele kidogo mtu anakaanga bizari, iliki na mdalasini pamoja, na hapo ni kwa Wasomali. Na kama mwenyeji wa Isingiro ameleta matoke yake sokoni kwa baiskeli, basi harufu ya nne nayo haiko mbali.

Hii ni mali kubwa, lakini wengi wetu hatuioni kuwa mali. Ukimwuliza mwanafunzi wa shule yetu ni chakula gani kilicho kizuri, atakutajia chipsi na kuku wa mjini Mbarara. Nami sijitoi. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa nikiificha sombe yangu chini ya dawati wakati wa chakula cha mchana, ili wenzangu wasiuone ule umajani wake. Aliyeipika ni bibi yangu mzaa mama. Alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo mama amejaribu mara nyingi kuipika sombe ile, nayo haijatoka. Twajua vitu vyote alivyotia. Hatujui kiasi chake, wala hatujui alianza na kipi akamalizia na kipi. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Nataka kueleza namna mapishi ya mahali yanavyotunzwa na kupewa heshima, na hatari inayokuja yasipotunzwa. Nitachukua mfano wa Waitalia, kwa sababu wao wamelifanya jambo hili kwa bidii sana, kisha nitarudi kwetu.

SAHANI ILIYOTOKA MBALI

Huenda msomaji akauliza, Italia imeingiaje Nakivale? Imeingia kwa sahani. Wasomali wanapenda sana tambi, nao huziita baasto. Mchuzi wa nyama na nyanya unaomiminwa juu yake huuita suugo. Maneno yote mawili ni ya Kiitalia, yaani pasta na sugo. Waitalia walitawala sehemu ya kusini ya Somalia tangu mwisho wa karne ya 19 mpaka 1941, kisha wakarudi kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa tangu 1950 mpaka 1960. Watawala waliondoka, tambi zikabaki. Lakini hazikubaki kama zilivyokuja. Wasomali walitia viungo vyao ndani ya mchuzi, wakaweka na ndizi mbivu kando ya sahani, na leo Mwitalia akiionja hatasema kwamba hicho ni chakula cha kwao.

Basi sahani hiyo ndiyo mlango wetu wa kuingilia Italia.

NCHI MOJA, VYUNGU VINGI

Watu wengi hudhani kwamba Waitalia wote hula chakula kimoja. Sivyo hata kidogo. Nchi ile iliunganishwa kuwa dola moja mwaka 1861 tu. Kabla ya hapo ilikuwa imegawanyika katika dola ndogo ndogo, na kila mahali palikuwa na lugha yake na chungu chake. Watu wa kusini walikula tambi za ngano, mafuta ya zeituni na nyanya. Watu wa kaskazini walitumia siagi, wakala mchele, na zaidi ya yote wakala polenta.

Polenta ni nini? Ni unga wa mahindi unaotiwa katika maji ya moto na kukorogwa kwa mwiko mpaka ushikane. Msomaji, huo ni ugali, au posho kama tusemavyo hapa Uganda! Mahindi yalitoka Amerika, yakafika Italia katika karne ya 16, kama yalivyofika kwetu Afrika. Yakawa chakula cha maskini wa kaskazini, na watu wa kusini wakawacheka na kuwaita «polentoni», maana yake walaji wa polenta. Lilikuwa ni tusi. Naam, hata huko mtu aliwahi kuaibishwa kwa sababu ya ugali wake.

Kadhalika katika jimbo la Toscana wakulima walikuwa hawatupi mkate uliokauka. Waliutia katika supu ya maharagwe na mboga za majani, na kesho yake wakaipasha moto mara ya pili. Jina lake ni ribollita, maana yake iliyochemshwa tena. Leo polenta na ribollita huandaliwa katika hoteli za fahari, na wageni hulipa fedha nyingi ili wavionje. Chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni macho ya watu. Nami naona kwamba mambo matatu yaliwabadilisha macho: kitabu, meza ya kuonja, na mpishi aliyepewa heshima.

MZEE ALIYEANDIKA MAPISHI

Nianze na kitabu. Alikuwako mtu mmoja jina lake Pellegrino Artusi, aliyezaliwa mwaka 1820 katika mji mdogo wa Forlimpopoli. Hakuwa mpishi wa kazi, alikuwa mfanyabiashara. Alipokwisha kuacha biashara zake alikaa katika mji wa Firenze, akashughulika na jambo alilolipenda, nalo ni chakula. Alikusanya mapishi, akayajaribu nyumbani kwake pamoja na wapishi wake wawili, Francesco Ruffilli na Marietta Sabatini, kisha akaandika kitabu juu ya sayansi ya jikoni na ufundi wa kula vizuri. Wachapishaji walikikataa. Basi mwaka 1891, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alikichapisha kwa fedha zake mwenyewe.

Sasa sikiliza jambo lililofuata. Kitabu kilipoanza kusomwa, watu wakaanza kumwandikia barua, na wengi wao walikuwa wanawake wa nyumbani. Mmoja alimwambia namna wanavyopika kwao, mwingine alimsahihisha. Artusi alizijaribu barua hizo jikoni, na zilizofaulu akazitia katika chapa iliyofuata. Kitabu kilianza na mapishi 475. Alipofariki mwaka 1911 kilikuwa kimefika 790. Katika wasia wake aliwaachia Ruffilli na Sabatini haki ya mapato ya kitabu kile, kwa maana walikuwa wamekifanyia kazi pamoja naye.

Kulikuwa na faida nyingine. Siku zile Waitalia wengi walikuwa hawasemi lugha moja, na chakula kimoja kilikuwa na majina mengi. Artusi aliandika kwa lugha nyepesi ambayo mtu wa mji wowote aliweza kuifuata. Sisi tunalijua jambo hilo. Majani ya muhogo yaliyotwangwa huitwa sombe mashariki ya Kongo, isombe kwa Warundi na Wanyarwanda, pondu kwa wasemao Kilingala, na kisamvu kwa watu wa Tanzania. Chungu ni kimoja, na Kiswahili chaweza kuwakutanisha wenyewe wote.

Hata hivyo kitabu cha Artusi kilikuwa na upungufu. Aliyajua vizuri mapishi ya majimbo ya Romagna na Toscana, lakini ya kusini aliyaandika machache. Hapo twajifunza kwamba mtu mmoja hawezi kuimaliza kazi hii peke yake.

MEZA YA KUONJA

Kitabu peke yake hakitoshi, maana chakula hakisomwi kikashibisha. Ndiyo maana miji na vijiji vya Italia vina sikukuu iitwayo sagra. Kijiji huchagua chakula kimoja kinachotoka kwao, pengine uyoga, pengine samaki, pengine aina moja ya tambi, nao hupanga meza njiani na kuwalisha wageni. Huko Forlimpopoli kwenyewe, kila mwaka wakati wa kiangazi, hufanywa sikukuu ya kumkumbuka Artusi, na mji mzima hunukia mapishi ya kitabu chake.

Namna nyingine ni karamu ya kuonja. Katika karamu hiyo mtu hapewi sahani moja iliyojaa. Hupewa sahani ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, na mpishi hutoka jikoni akaeleza: hiki ni chakula gani, kimetoka wapi, na kwa nini hupikwa hivi. Mlaji huondoka ameshiba na amejifunza.

Zamani mpishi alikaa nyuma ya pazia na jina lake halikutajwa. Siku hizi mpishi hodari hujulikana kama mchezaji wa mpira, na wako wanaoutumia umaarufu huo kwa wema. Massimo Bottura wa mji wa Modena ni mmoja wao. Mwaka 2015, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia mjini Milano, yeye na wenzake waligeuza jumba la mchezo la zamani kuwa chumba cha kulia. Wapishi mashuhuri zaidi ya 60 walikuja kwa zamu, wakapika vyakula vilivyobaki katika maonyesho, na walioketi mezani walikuwa watu wasio na makao. Walihudumiwa mezani kwa heshima, kama wageni wengine wote.

Mwaka uliofuata, 2016, mjini Paris ilianza sikukuu ya chakula cha wakimbizi, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Wenye hoteli huwafungulia jikoni zao wapishi waliokimbia nchi zao, nao hupika vyakula vya kwao kwa siku kadhaa, karibu na tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Wenyeji huja kuonja. Mtu aliyejulikana kwa jina la mkimbizi tu hutoka pale akijulikana kwa jina la mpishi.

Kwa upande wa vitabu, yuko Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu. Alipokuwa mtoto aliishi katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, kisha akapelekwa Marekani akiwa na umri wa miaka 7. Mwaka 2020 yeye na Julia Turshen walitoa kitabu cha mapishi ya mabibi wa nchi 8 za Afrika zinazopakana na Bahari ya Hindi, na kila bibi ametajwa kwa jina na maneno yake yameandikwa. Mwaka 2025 Hawa alitoa kitabu kingine juu ya mapishi ya nchi 8 zilizopata vita na misukosuko, na Kongo imo.

Mtu asidhani kwamba heshima hii ni ya Wazungu tu. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliandika katika orodha ya urithi wa binadamu ufundi wa wapishi wa piza wa mji wa Napoli. Mwaka huo huo na katika orodha hiyo hiyo liliandika nsima ya Malawi. Na nsima ni nini ila ugali?

VYUNGU VYA NAKIVALE NA MBARARA

Sasa turudi nyumbani. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wakimbizi wa Rwanda walipoingia Uganda, na mpaka leo watu wa nchi nyingi wameletwa hapa na mashaka yao. Kila kundi lilikuja na mzigo mdogo kichwani, na mapishi ndani ya kichwa.

Wenyeji wetu wa Ankole wana eshabwe. Hiyo ni mchuzi mweupe unaotengenezwa kwa samli ya ng'ombe, maji ya baridi na chumvi ya mawe. Haupikwi motoni. Hukorogwa kwa subira mpaka ugeuke kuwa mweupe na laini, kisha huchujwa. Huliwa pamoja na kalo, yaani ugali wa ulezi, na arusi ya Mbarara isiyo na eshabwe itasemwa vibaya. Asiyejua kuukoroga huharibu samli yote. Waganda nao wana luwombo, nyama au karanga zilizofungwa katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Husimuliwa kwamba mpishi wa Kabaka Mwanga aitwaye Kawuunta ndiye aliyeibuni mwaka 1887. Tazama, Waganda wamelishika jina la mpishi wao zaidi ya miaka 100.

Wakongo wana sombe, lengalenga, na ugali wa muhogo. Wana na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Samaki hao hawakuwamo katika ziwa lile zamani. Walichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati ule ule makazi yetu yalipoanza, nao wakazaana mpaka wakawa kitoweo cha watu wengi. Nao ni wageni waliopata makao. Wasomali wana anjero, yaani chapati laini yenye matundu, ambayo unga wake huchachushwa usiku kucha. Warundi wana ndagala na maharagwe ya kila namna.

Basi mpishi tunaye, tena ni wengi. Meza ya kuonja tunayo kidogo, katika arusi na sikukuu. Kitabu hatuna.

MBEGU ILISAFIRI, MAPISHI YAKABAKI

Huenda mtu akasema: haya ni mambo ya anasa. Wapi na wapi karamu ya kuonja na watu wanaopanga mstari wa mgao? Neno hilo ni zito, na halina budi kujibiwa. Kila mtu wa Nakivale ajua kwamba mgao umepungua. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika mafungu kwa kadiri ya shida zao, na mwaka 2025, fedha zilipopungua zaidi, watu wapatao milioni moja katika nchi nzima waliondolewa katika msaada wa chakula. Majirani zangu wamo. Nyumba nyingine sasa hula mara moja kwa siku.

Lakini nasema kwamba ni wakati kama huo hasa ndipo mapishi yanapokuwa jambo la uhai, nami nitaleta ushahidi wa mambo matatu.

La kwanza ni la Italia. Wenyeji wa Amerika waliolima mahindi tangu kale, kama wale wa Meksiko, walikuwa wakiyachemsha katika maji ya chokaa au ya majivu kabla ya kuyasaga. Kazi hiyo huifungua vitamini iliyofungwa ndani ya punje, hata mwili ukaweza kuipata. Mahindi yalipovuka bahari, mbegu ilisafiri, mapishi yakabaki. Maskini wa kaskazini ya Italia wakala polenta tupu asubuhi na jioni, nao wakashikwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi huwa na vidonda, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mwisho wake ni kifo. Ugonjwa huo uliwatesa kwa zaidi ya miaka 100.

La pili ni la karibu zaidi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakiishi kwa mgao wa mahindi. Karanga zilizokuwa zikitolewa pamoja na mahindi hayo zilikatika. Katika mwaka huo mmoja watu zaidi ya 18,000 waliugua pelagra. Karanga, wasomaji! Kitu ambacho bibi zetu hukitia katika mboga bila ya kufundishwa na daktari.

La tatu ni la muhogo. Muhogo mchungu una sumu. Wazee walijua kuulowesha siku tatu au nne, kuumenya, kuuanika juani na ndipo kuusaga. Wakati wa vita na ukame watu hufanya haraka na kuzipunguza siku hizo, na wakiwa hawana kitoweo cha kuwatia nguvu, hupatwa na ugonjwa uitwao konzo, ambao huipoozesha miguu ghafla na haiponi tena. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo huko Kongo mwaka 1938, na mpaka leo upo.

Ndiyo sababu nasema, mapishi ya bibi si ladha tu. Ndani yake mna elimu iliyonunuliwa kwa maisha ya watu. Chakula kinapohama na mapishi yake, kinalisha. Kinapohama peke yake, chaweza kuua. Na sisi sote hapa ni watu waliohama.

NAMNA YA KUANDIKA

Sasa nieleze namna ya kuyaandika mapishi hata mtu mwingine aweze kuyafuata. Bibi zetu hawapimi kwa mizani. Ukiuliza chumvi kiasi gani, utajibiwa «kiasi chake». Basi usimsumbue kwa maswali. Kaa jikoni na kikombe na daftari. Akitaka kutia kiganja cha karanga, mwombe kwa adabu akimimine kwanza ndani ya kikombe chako, upime, kisha atie. Andika jina la chakula katika lugha yake na katika lugha za majirani. Andika jina la aliyekufundisha na kijiji alikotoka, kama mwenyewe amekubali. Usiandike dakika peke yake, maana moto wa kuni si sawa na wa makaa. Andika na dalili: rangi, harufu, na namna mwiko unavyosimama. Mwisho, pika peke yako kwa kuifuata karatasi yako, bila ya kumwuliza mtu, kisha umpelekee mwenyewe aonje. Artusi alifanya hivyo, na asingefanya hivyo kitabu chake kisingeaminiwa.

Nitatoa mfano mmoja, namna ya sombe ninavyoijua mimi leo.

Chuma majani machanga ya muhogo yajaze sufuria ya kiasi. Yaoshe, kisha uyatwange mpaka yalainike kabisa. Kuyatwanga ndiko kunakoifungua sumu yake, kwa hiyo usiharakishe. Yatie katika maji mengi yanayochemka, na usifunike sufuria, ili sumu itoke pamoja na mvuke. Yaache yachemke muda wa saa moja na zaidi, ukiongeza maji yanapokauka, mpaka ile harufu ya ubichi iishe na majani yageuke rangi yawe kijani kilichofifia. Tia kitunguu kimoja, pilipili mboga moja na biringani mbili zilizokatwakatwa. Zikilainika, tia vijiko vitatu vya mawese. Kisha koroga kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa katika maji kidogo ya uvuguvugu, uimimine humo, upunguze moto na ukoroge mara kwa mara isishike chini. Kama una ndagaa wakavu, waoshe uwatie sasa, na chumvi mwishoni. Ikiwa mwiko wapita na kuacha njia ambayo hujifunga polepole, sombe imeiva. Yatosha watu sita pamoja na ugali.

Tukiwa na daftari kama hizo ishirini tu, twaweza kufanya karamu ya kuonja hapa shuleni mwisho wa muhula. Haihitaji fedha nyingi. Kila kundi lipike sufuria moja, kila mgeni apewe kijiko na kiasi kidogo, mikono ioshwe kwa sabuni, na mama au baba aliyefundisha aitwe asimame mbele aeleze chakula chake kwa lugha yake, na mwanafunzi amfasirie kwa Kiswahili. Tuwaalike na wenyeji wetu, waje na eshabwe yao. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo ndipo yule mtoto wa darasa la sita atakapoitoa sombe yake juu ya dawati.

Mimi nimekwisha kuanza. Likizo iliyopita mama mdogo alikuja kututembelea, akakumbuka kwamba marehemu bibi alikuwa akizikaanga karanga nusu na nusu akaziacha mbichi. Tukajaribu. Mama alionja, akanyamaza, kisha akasema imekaribia. Bado si yenyewe, na pengine hatutaipata yote. Wewe ambaye bibi yako yu hai, usingoje kama nilivyongoja mimi. Nunua daftari, uende jikoni jioni hii, na utakayoyaandika umletee mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili, naye atayapokea.